Mbuga Haili, Humeza Tu

Ninyi mnaonunua viwanja bondeni huko Bariadi, mnaomwaga lori la mchanga kabla hata hamjaukanyaga udongo wenyewe, nendeni kwanza kiwanjani mwezi wa kumi, jua la saa saba, mvua ikiwa bado haijagusa ardhi. Kama udongo ni mweusi na umepasuka, chukueni fimbo ya kuchungia ng'ombe muitumbukize kwenye ufa. Ikizama yote mpaka vidole vikagusa ardhi, nyamazeni kidogo. Mtasikia hewa ya baridi ikitoka chini na kuwapuliza mkononi. Hiyo ndiyo mbuga. Mkishaisikia ikipumua, ndipo mje tuzungumze habari za msingi na nondo.

Mimi ni Limbu wa Nkoma. Kazi yangu ilikuwa kuchimba: mashimo ya vyoo, misingi, makaro ya maji taka, na makaburi pale ndugu wa marehemu walipokosa nguvu. Nimestaafu kwa sababu magoti yamestaafu, mengine yote bado yanadai kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Maduhu, mtu mfupi, mkali, mwenye mikono mipana kama beleshi. Mzee huyu alikuwa anaonja udongo. Anachukua kipande, anakitia mdomoni, anatafuna, anatema. Luseni, ule udongo mwepesi wa kichanga ulioko juu mlimani, husagika kwenye meno kisha ukaisha. Itogolo, ule mgumu wa katikati ya mteremko, huvunjika kama kigae. Mbuga hung'ang'ania meno, na utaitema mpaka jioni. Nilipojaribu mara ya kwanza nikameza kidogo kwa bahati mbaya, akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa umekula ardhi kabla yenyewe haijakula wewe," akasema. "Umewahi."

Kama hamtaki kutafuna, na najua hamtaki, finyangeni donge la udongo mbichi, mlianike juani siku kadhaa. Donge la luseni litabomoka mkiligusa. Donge la mbuga litasinyaa, litapasuka, na litakuwa gumu kama jiwe. Kisha litieni kwenye maji mlitazame linavyovimba na kulainika tena. Nyumba yako itakuwa juu ya donge hilo. Kila mwaka litasinyaa, kila mwaka litavimba, na halitakuuliza kama umeshapaka rangi.

Maduhu alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mtu akimwita kuchimba mbugani, kwanza anakwenda mvua zikiwa zinaisha, anavuta kamba kutoka upande huu wa kiwanja hadi ule, anachomeka vijiti vya mgunga kufuata kamba ile, vimenyooka sawasawa. Kisha anaondoka. Mwenye kiwanja anaweza kulia, anaweza kutukana, Maduhu harudi mpaka kiangazi kimekauka kabisa. Akirudi anavuta kamba ile ile. Vijiti havipo kwenye mstari. Kimoja kimelala kushoto, kingine kimesogea kulia, kingine kimezama mpaka kichwa tu kinaonekana. Hakuna mtoto aliyevigusa, hakuna ng'ombe aliyepita.

"Ardhi imetembea," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Sasa mwambie huyu bwana akajenge kwingine."

Shimo langu la kwanza mbugani nilichimba kabla sijaamini mambo hayo. Lilikuwa shimo la choo, limefika kifuani. Jioni nikaacha beleshi langu limelala chini, na kati ya ncha ya mpini na ukuta mkono wangu unapita. Ikanyesha mvua ya kwanza. Tulipoyachota maji na kurudi shimoni, beleshi lilikuwa limebanwa kuta zote mbili, limepinda kama upinde. Nilijaribu kulivuta nikashindwa. Nikasimama pale chini nikiziangalia zile kuta nyeusi zinazong'aa, na nikaona wazi kwamba hazikuwa zimemalizana na mimi. Nilipanda ngazi upesi kuliko heshima ya kijana wa umri wangu ilivyoruhusu. Maduhu hakucheka siku hiyo. Aliniambia choo cha mbugani hakichimbwi kwenda chini, kinainuliwa kwenda juu: shimo fupi, limejengewa tofali kwa ndani, likapandishwa juu ya ardhi na kuzungushiwa kifusi. Utapanda ngazi kwenda msalani kama mfalme, lakini utarudi.

Kitu kingine cha shimo la mbugani ni sauti. Nyufa zinaungana huko chini kwa njia zisizoonekana. Ukiwa shimoni mchana mtulivu unasikia kwato za ng'ombe walio mbali, unasikia mtu anakohoa karibu na sikio lako, ukichungulia juu hakuna mtu. Na pale kwenye miti ile mifupi ya miiba, yenye vinundu wanamoishi sisimizi, upepo ukipita vinundu vinapiga mluzi. Nimefanya kazi miaka mingi, sijauzoea ule mluzi.

Sasa niwaambieni habari ya nyumba ya Masanja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Ilikuwa miaka ile ushirika ulipolegea na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuja na malori yao. Masanja alikuwa mkulima mwenzetu, kijana mchangamfu, akawa wakala wa mnunuzi mmoja kutoka mjini. Alipopata nafasi akataka nyumba ya matofali ya saruji, bati, sakafu, na choo cha ndani, cha kwanza Nkoma nzima. Wazee wetu walijenga juu kwenye luseni, na mbuga wakaiachia pamba na majaruba ya mpunga. Masanja akataka bondeni, kando ya barabara, ili malori yamfikie. Maduhu alimwomba angoje vijiti vyake mwaka mmoja. Masanja akamwambia biashara haingoji vijiti.

Pale alipopima kiwanja palikuwa zamani shamba la pamba la mama mmoja mjane aliyeitwa Nyanzobe. Mama huyu aliishi juu kwenye mteremko, peke yake, katika nyumba ya udongo aliyojenga na marehemu mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Ninyi hamjui, lakini kuni zilikuwa haba kwetu, na mwanamke aliyepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, moshi humwachia macho ya namna hiyo. Kwa miaka ile macho hayo yalikuwa hatari kubwa kwa mwanamke mzee. Wako waliokatwa mapanga kwa macho hayo tu, wakiitwa wachawi.

Siku ninachimba karo la Masanja, Nyanzobe alishuka akasimama ukingoni.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kutoka shimoni.

"Mwadila, baba. Unachimba mdomoni, unajua?"

"Mdomoni kwa nani?"

"Kwa mbuga. Nilipokuwa bibi harusi nilikuja kupalilia hapa kiangazi kikiwa kimechelewa kuisha. Bangili yangu ya shaba ikachomoka, ikaingia kwenye ufa. Nilisikia inagonga, inagonga, mpaka nikaacha kuisikia. Mume wangu akasema tuchimbe. Mama mkwe akatukataza. Akasema mbuga haili, humeza tu, ipo siku itarudisha." Alinionyesha kwa kidole jinsi ilivyokuwa, shaba iliyosokotwa kama kamba, ncha moja imebondwa bapa. "Ukiiona, mwanangu, ni yangu."

Kisha akamgeukia Masanja, aliyekuwa akisimamia mafundi. "Usilale hapa na watoto, Masanja. Hapa pana mdomo."

Masanja alimshukuru kwa adabu, "Wabeja, mayu," kazi ikaendelea. Kila aliyekuwepo aliyasikia maneno yale.

Karo likawa la kwanza kutuchekesha. Lilijengwa vizuri, likafunikwa, na kabla halijatumika mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo. Udongo wa mbuga haunywi maji, unayashika tu. Asubuhi tukakuta karo limeinuka kutoka ardhini na mfuniko wake, limekaa upande kama kiboko anayechungulia. Karo tupu kwenye udongo uliojaa maji ni mtungi mtupu, litaelea. Lijazeni maji kabla ya mvua, na kama mna akili lijengeni kwenye mwinuko, maana hata likitulia, maji machafu yatakwenda wapi? Mbuga iliyolowa haitayapokea. Yatarudi kwako kupitia bomba lile lile.

Choo cha ndani nacho kilimkamata mgeni. Bwana mmoja wa pamba, mwenye suti, aliingia mlango ukiwa mzima akashindwa kutoka. Fremu ilikuwa imepinda akiwa humo ndani. Tulimtolea dirishani, tukasifu suti yake, Masanja akachinja mbuzi. Tulicheka sana siku ile.

Kiangazi kilipoingia hakuna aliyecheka. Ufa ulianzia pembe ya dirisha, ukapanda kwa ngazi ukifuata tofali mpaka kwenye bati. Mwingine ukapita katikati ya sakafu, chini ya kitanda cha watoto. Mchana, jua likiwa utosini, nyumba ilianza kutoa sauti. Kwanza mgongo mmoja wa bati unalia, kisha ukutani kitu kinakatika, ta, kimya, kisha tena ta, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja. Mlango wa chumbani ulifunguka wenyewe taratibu, bawaba zikilia, ukasimama wazi. Nilikuwepo. Nilikuwa na timazi mkononi napima ukuta, na niliona uzi wa timazi unauacha ukuta kidogo kidogo. Nilijua sababu yake. Nywele zilinisimama vile vile.

Holo, mke wa Masanja, aliwahamishia watoto uani. Mtoto mdogo akaugua homa, na homa ile ndiyo iliyowafungua watu midomo. Wakakumbuka: hapa pana mdomo. Onyo la mwaka uliopita likageuka kuwa laana.

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala la pamba, na Nyanzobe akaitwa. Kaka yake Masanja alisimama akauliza swali ambalo mpaka leo linanitia baridi, kwa sababu lilikuwa na akili.

"Nyumba ya saruji inapasuka. Nyumba ya udongo ya mama yule haina hata ufa wa kupitisha sisimizi. Niambieni, nguvu ya saruji imekwenda wapi?"

Watu wote wakageuza shingo kutazama mteremkoni. Na kweli, nyumba ya Nyanzobe ilikuwa imesimama nzima kwenye jua.

Nilisimama. Nikasema ile iko kwenye luseni, udongo usiovimba wala kusinyaa, hata ukijenga kwa uji itasimama. Nikaeleza habari ya donge na maji. Nikaeleza vijiti.

"Wewe Limbu," kaka yake akanikatiza, bila kupandisha sauti, "unashinda chini ya ardhi. Mambo ya huko chini nani alikufundisha?"

Nikaona macho yanahama kutoka kwake yanakuja kwangu. Maduhu alinivuta shati nikakaa. Yeye hakubishana. Alikwenda akasimama kando ya Nyanzobe, bega kwa bega, akasema, "Mama huyu ana kaka Bukundi. Aondoke leo, mchana huu, mbele ya macho yetu sote, na mtu asimguse. Masanja, nyumba ni yako. Sema."

Masanja alitazama chini. "Aende," akasema.

Nilimbebea mzigo wake mpaka barabarani. Hakulia. Alikuwa anavuka nyufa kwa uangalifu, akiinua kanga kana kwamba anavuka maji. Akaniambia, "Bangili ikitoka, atakayeiokota ailete mwenyewe. Usimbebee."

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo gumu kuliko yote. Mvua zilifika siku chache baada ya yeye kuondoka. Mbuga ikavimba. Ufa wa sakafuni ukaziba. Ule wa ukutani ukafumba mpaka unahitaji kucha kuutafuta. Mlango wa chumbani ukaanza kufunga, kitasa kikaingia mahali pake. Homa ya mtoto ikapoa. Watu wakaja kuitazama nyumba, wanaupapasa ukuta kwa viganja, wanatikisa vichwa. Walikuwa na uthibitisho. Nami ninayeujua udongo nilisimama kati yao nikaupapasa ukuta kama wao, na kila walichokiona kilikuwa kweli. Niliwahi kuogopa kuta za shimo, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ukuta ule uliopona.

"Kiangazi kitarudi," Maduhu alinong'ona tulipokuwa tunaondoka. "Na watakuwa wamebaki bila mzee. Watamshika nani?"

Kiangazi kilirudi. Nyufa zikafunguka pale pale, zikiwa na ndugu zao wapya. Na shemeji zake Holo wakaanza kumtazama Holo. Wakaanza kuuliza yule mwanamke aliolewa kutoka wapi hasa, na mama yake alikuwa nani. Holo alikonda. Masanja aliacha kuzungumza na watu.

Kilichookoa maisha ya Holo ni mchicha. Nilikuwa nimemfundisha kutengeneza bustani ya mbugani: tuta lililoinuliwa, samadi nyingi, mchanga wa kutoka mtoni, na nyasi juu, ili udongo usipasuke ukakata mizizi. Mvua zilipokaribia alikwenda kulima tuta jipya nyuma ya nyumba. Jembe likagonga kitu karibu kabisa na uso wa ardhi. Akaniita mimi, hakumwita mumewe, na naelewa kwa nini. Ilikuwa bangili ya shaba, imesokotwa kama kamba, ncha moja imebondwa bapa. Haikuwa na kutu, ilikuwa na ukijani kidogo tu kwenye mikunjo.

Kaka yake Masanja alipoiona akarudi nyuma. "Dawa hiyo. Ilizikwa."

"Imezikwa na nani?" Holo akamjibu kwa hasira. "Mwulize Limbu. Mama Nyanzobe alimweleza habari za bangili hii kabla nyumba haijawa hata na msingi. Mume wangu alikuwepo akasikia."

Masanja aliichukua, akakaa nayo chini pale pale juu ya tuta. Alikumbuka. Nilimwona akikumbuka, na sikufurahia kumwona. Alipoinua uso aliniuliza jambo moja tu, kama Bukundi ni mbali kwa miguu, maana hakutaka kupanda gari na kitu kile.

Nilimsindikiza, bangili akiibeba mwenyewe kama Nyanzobe alivyotaka. Tulimkuta kaka yake mama yule anakarabati zizi. Akatutazama mikono yetu kwanza, kuona kama tuna silaha. Kisha akatuonyesha kaburi. Nyanzobe alikufa kwa ugonjwa wa kifua mvua zile zile zilizoponya nyumba ya Masanja. Walimzika mbugani, chini ya boma, kwa kuwa wakati ule udongo ulikuwa laini na wachimbaji wachache.

Kaburi lilikuwa limepasuka katikati. Masanja alipiga magoti. Aliongea naye muda mrefu kwa Kisukuma, na maneno yale si yangu kuyaandika. Mwisho akaishika bangili juu ya ufa.

"Akiipokea," akaniambia, "itabaki."

Nilitaka kumzuia. Nilijua mbuga inafanya nini na kitu kinachoangukia ndani yake. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafunguka, na tulisikia inagonga, inagonga, mpaka tukaacha kuisikia.

Masanja alibomoa nyumba ile, akahamia juu kwenye luseni na Holo wake. Aliishi kwa adabu, aliwasaidia wajane wengi, na mtu akitaja uchawi mbele yake alimtoa nje. Yu hai mpaka leo, mzee kama mimi. Kila mwaka kiangazi kikikomaa ananitazama tu, nami najua anauliza nini. Yeye mwenyewe hajathubutu kurudi kule. Nakwenda mimi.

Mbuga ya Nkoma iliikalia bangili ujana na uzee wote wa Nyanzobe ndipo ikairudisha. Ya Bukundi ilichukua mvua moja. Nilipokwenda mara ya kwanza niliikuta juu ya kaburi, katikati, imekaa wima kidogo, safi kama imesuguliwa kwa majivu. Nikasimama pale na mluzi wa ile miti ukinizunguka. Nikajiambia ni udongo. Ni udongo tu, unasinyaa, unavimba, unasukuma kilicho chini kije juu. Nimewafundisha hivyo ninyi wote na ni kweli.

Kisha nikaisukumia ndani ya ufa kwa fimbo, mpaka chini kabisa. Nikarudi Nkoma nikamwambia Masanja, sijaiona. Alifumba macho akashukuru. Mwaka uliofuata nikaikuta tena juu, mahali pale pale, na nikafanya vile vile, na nikasema vile vile.

Magoti yangu sasa hayafiki Bukundi. Ninyi mna pikipiki. Mwezi wa kumi mmoja wenu aniendee, kabla mvua haijagusa ardhi, na achukue fimbo ndefu.